Ulitaka Jua Liwake Kwanza

Baba mkwe,

Leo sikuamkii. Ulipokuwa hai nilipiga magoti kila nilipoingia kwako Muleba, nikasema shikamoo, nawe ukaitikia uso umeugeuzia redio. Mara nyingine hukuitikia kabisa. Ulimwuliza Dada Koku, "Huyo msusi ameshaondoka?" na magoti yangu bado yako sakafuni. Sasa huwezi kuniitikia wala kuninyima, basi tuliache hilo tuendelee.

Ninaandika kwa sababu Dada Koku, wifi yangu Kokusima, ameniomba. Binti yako huyo, uliyemfanya mama wa nyumba tangu mkeo alipofariki, alinikuta juzi ninakunja nguo za safari akasema, "Wifi, usipande ndege na kinyongo cha marehemu. Kitoe huku huku." Nikamwuliza nitakitoaje, mtu mwenyewe yuko chini ya udongo? Akasema, "Mwandikie. Wewe si umesoma?" Ungekuwapo ungecheka hapo. Kidato cha nne, divisheni foo, nako ni kusoma?

Nianze na habari ambazo hutazipenda. Tuna furaha, mimi na mwanao Muta. Tuna furaha ya kijinga, ya kucheka jikoni bila sababu, ya kupigiana simu mmoja akiwa chumbani na mwingine uani. Nyumba tuliyopanga Kahororo ina bati linalolia mvua ikinyesha mpaka hatusikilizani, basi tulikuwa tunakaa tu tunatazamana kama wagonjwa. Akinywa chai aliniachia kidogo chini ya kikombe, kwa kuwa nilimwambia siku moja kwamba sukari yote hukaa huko. Mwanaume gani mwingine duniani anakumbuka neno kama hilo? Nimeolewa na mtu mzuri, Baba mkwe, na uzuri wake hakuutoa kwako.

Unajua tulivyokutana? Hukuwahi kuuliza. Alikuwa amekuja likizo kutoka Ulaya, akamleta Dada Koku saluni kwangu Kashai kusuka. Wanaume wakileta dada zao huondoka, wanarudi jioni. Yeye alikaa kwenye benchi akavitazama vidole vyangu kama mtu anayetazama penalti. Nikajisemea, huyu kaka ananitaka. Mwishowe akasema, "Samahani, ukisokota hivi, nywele inayoanzia ndani inatokea wapi?" Nikamwonyesha: inaanza ndani, inapanda juu, inazunguka nje, inarudi ndani. Akafumba macho kwa raha. Dada Koku akaguna, "Ndiyo huyu mdogo wangu. Hakutongozi, usijipe moyo. Anawaza sumaku zake."

Ilikuwa kweli. Kunitongoza kulikuja baadaye, na alipoanza, mama yangu, alitongoza!

Jumapili moja baada ya ibada tulitembea ufukweni pale mjini, akanieleza kazi yake. Ulikuwa na hakika kwamba singeelewa. Basi sikiliza nilivyoelewa. Jua linawaka kwa sababu chembe za hidrojeni zinabanwa mpaka zinaungana, na zikiungana zinatoa joto. Watu wanataka kufanya hivyo hapa duniani, lakini hakuna chungu cha kuubeba moto wa namna hiyo, ni moto kuliko jua lenyewe, kwa hiyo wanaushika kwa sumaku hewani, ndani ya pango la chuma lenye umbo la tairi, bila kugusa ukuta. Mashine za aina iliyozoeleka hupitisha umeme ndani ya moto wenyewe ili ukae mahali pake. Umeme huo unasukumwa kwa namna isiyoweza kuendelea bila kikomo. Unafika mwisho, moto unazimika, wanaanza upya. Yeye na wenzake, kwenye mashine yao, wameamua kuzipinda sumaku zenyewe tangu zinapoundwa, zijiviringishe kama rasta zangu, ili moto ukae bila kuhitaji umeme ule wa ndani. Mashine ya hivyo inaweza kuwaka na kuendelea kuwaka. "Inaweza," alisema, akainua kidole kama wewe.

Kisha akafika kwenye sehemu yake, na sauti ikabadilika. Alisema moto ukishikwa vizuri namna gani, bado kuna joto linalovuja, nalo lazima lipokelewe na sahani za metali ngumu zilizopangwa pembeni. Sufuria tupu ukiipitisha juu ya moto haidhuriki. Ukiiacha hapo, inatoboka. Kwa hiyo mashine inayowaka kidogo na kuzimika haina shida kubwa na sahani zake, lakini inayotakiwa kuwaka siku nzima inataka sahani zenye mishipa ya maji ndani yake, maji yanayokimbia na joto kabla halijayeyusha kitu. Mume wangu anachora mishipa hiyo. Anachora, wanaunda, wanaijaribu, kiungo kinapasuka, anachora tena. Alikuwa ananichorea mchangani kwa kijiti, wimbi la ziwa likaja likafuta, akacheka, akarudia. Likafuta tena. Akacheka tena. Nilimpenda hapo hapo, viatu vyangu vimelowa na sijali.

Sasa wewe.

Wewe ulipompigia simu hukumwuliza habari za kazi wala za afya. Ulikuwa na neno moja. "Inawaka?" Naye, mtu mzima mwenye digrii zake, alinyooka kitini kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. "Iliwaka, Baba, tukaizima kama ilivyopangwa." "Kwa hiyo haiwaki." Ukakata. Nilisikia kwa masikio yangu, alikuwa ameweka spika. Hakula siku ile. Nilimpikia ndizi na maharage kwa mawese, chakula anachokiota akiwa Ulaya, akazungusha kijiko mpaka kikapoa.

Na siku aliponileta kwako mara ya kwanza? Ulikuwa na wageni wako wa kanisani, mnakunywa kahawa. Ukaniuliza nilifaulu nini kidato cha nne. Nikasema Kiswahili na baiolojia. "Na fizikia?" Nikatikisa kichwa. Ukawageukia wenzako: "Mwanangu alikwenda kulifunga jua kwa sumaku, amefungwa yeye kwa uzi wa rasta." Wakacheka mpaka mzee mmoja akapaliwa. Ulikuwa mchekeshaji, hilo sikunyimi. Kisha ukaniuliza kwa upole, na upole huo ndio ulionikata, "Binti, jioni mtakuwa mnaongea nini?"

Tunaongea, Mwalimu. Chai inapoa tunaongea. Kuna mambo siyaelewi, na nikisema sielewi hanigeuzii uso kwenye redio.

Muta alinieleza kwa nini ulikuwa hivyo. Yeye hukutetea sana, kuliko ulivyostahili. Alisema miaka uliyofundisha fizikia uliwaambia wanafunzi wako, darasa baada ya darasa, kwamba wao wataliona jua likiwashwa duniani, kwamba umeme wa hata Muleba utatoka kwenye maji, kwenye hidrojeni iliyomo. Ulisema kwa moyo. Kisha wanafunzi wakakua, wakapata mvi, wakawa wanakutania mlangoni mwa kanisa: "Mwalimu, lile jua limefikia wapi?" Walikuwa wanacheka tu, watu wazima wanaomkumbuka mwalimu wao. Wewe utani huo ulikuingia. Na katika wote uliowaambia, mmoja tu aliamini sawasawa akaenda kulifuata, naye ni mwanao. Ukaanza kumdai yeye jua uliloahidi wewe.

Nilipoelewa hilo nilikuonea huruma. Nataka ujue. Nilikuonea huruma, na bado hukuja kwenye harusi yangu.

Kiti chako kiliwekwa mbele, karibu na madhabahu. Muta aligeuka mlango ulipofunguliwa, akageuka tena. Mchungaji alimaliza somo akasubiri kidogo, kwa heshima yako. Ulituma neno kwamba mguu unauma. Jioni mgeni kutoka Muleba, kwa nia njema kabisa, akasema amekuacha senta unacheza bao, umechangamka. Muta alikuwa anakata keki. Kisu kikasimama, kisha kikaendelea. Alinilisha kipande changu akanifuta krimu mdomoni kwa kidole gumba, na macho yake yalikuwa yamejaa. Watu wakapiga makofi wakidhani ni mapenzi. Yalikuwa mapenzi pia.

Halafu ukaugua kweli.

Hapa mkono unakuwa mzito, kwa sababu kuna siku moja kati yako na mimi ambayo sijui niiweke wapi. Dada Koku alikuwa amekwenda kuchuma kahawa, Muta yuko Bukoba kufuata dawa. Ndevu zilikuwa zimekuota vibaya, unajikuna. Nikachemsha maji, nikatoa wembe mpya, nikakuomba ruhusa. Ulinyanyua kidevu tu. Nikakunyoa polepole, shingo, mashavu, chini ya pua. Ngozi yako ilikuwa laini kama ya mtoto mchanga, sikutegemea. Nilipokuwa nakufuta ukafumba macho, ukasema, "Mkono wako ni mwepesi."

Nilitoka nje nikalia kwenye migomba. Mimi, niliyekuwa nimekuchoka hivyo, nililia kwa neno moja zuri. Nilimsimulia Muta aliporudi, tukashikana mikono kama watoto. Tukasema, Baba ametukubali.

Kesho yake ukawaita mdogo wako Zakaria, Dada Koku na mzee wa kanisa, ukatoa wosia. Ulisema musika wako, mrithi wako, ni Mutalemwa, avae kanzu yako, akae kwenye kibanja chako, nyumba na migomba yake. Mpaka hapo sawa, ndiye mwanao wa kiume pekee. Kisha ukasema asirudi Ulaya mpaka hiyo mashine yake iwake bila kuzimika. Akiondoka kabla, kibanja kiwe cha Zakaria, na Kokusima atafute pa kwenda.

Nani alikufundisha ukatili wa namna hiyo? Mashine haiwezi kuwaka bila watu wa kuitengeneza, na wewe ukamfungia nyumbani mpaka iwake. Na kwa kuwa ulijua angeweza kukuasi kwa ajili yake mwenyewe, ukamfunga kwa dada yake. Dada Koku, aliyempa uji, aliyemfunga kamba za viatu vya shule, ambaye kila mgomba kwenye kibanja kile ameupanda au ameupalilia. Akipanda ndege, dada analala barabarani. Mtu aliyenyolewa na mkono wangu ndiye aliyelisema neno hilo, shingo yake bado inanukia sabuni yangu.

Ukafa. Tukakuzika kwenye migomba, karibu na mkeo. Muta alilia mpaka akashikwa na watu wawili. Mimi sikulia. Wanawake waliona, wakasemezana.

Siku za matanga zikaenda. Kule Ulaya wenzake walikuwa wameanza kuchora mashine mpya, ile hasa iliyokusudiwa iwake na kuendelea. Wakampa pole zao zote, kisha wakamwambia kwa adabu kwamba nafasi yake wameishikilia kwa muda, lakini hawawezi kuishikilia milele. Alisoma ujumbe ule akiwa amekaa juu ya gunia la kahawa yako. Akaweka simu chini, akamenya ndizi. Nilimwona mume wangu anamenya ndizi moja muda mrefu kama anayechonga kinyago.

Siku moja kabla ya kuondoa matanga, Dada Koku alituita nyuma ya jiko. Akasema, "Kesho Zakaria atakuuliza mbele ya ukoo kama mashine inawaka. Sema ndiyo. Yaishe. Nani hapa Muleba atakwenda kuchungulia?" Mimi nikadakia, nikasema waitu, tafadhali, sema ndiyo mume wangu, sema inawaka hata sasa, inaunguza. Tulikuwa tunacheka kidogo kwa uchovu. Muta hakucheka. "Dada, nikisema inawaka, keshokutwa nitaamkaje kwenda kuitengeneza?"

Dada Koku akampiga na mwiko begani. "Utanitoa nyumbani kwa ajili ya ukweli wa chuma?" Akaingia ndani, akafunga mlango. Nilikasirika na Muta pia, usidhani. Nilimpenda na nilikasirika. Nilimwambia kwamba ukaidi huo ameurithi, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane hatukuzungumza mpaka chakula.

Sasa nikusimulie siku yenyewe, maana ulikuwapo na hukuwapo.

Ukoo ulijaa uani. Rubisi, pombe yetu ya ndizi, ilikuwa kwenye mitungi, watu wanapokezana kibuyu, na mchungaji alikuwa amekaa upande ambao hakulazimika kuiona. Kiti chako kikawekwa mlangoni. Baba mdogo Zakaria alikuwa na haraka kupita kiasi. Alitaka amkalishe Muta kwanza, swali lifuate, kwa sababu alijua mtu aliyekwisha kukalia kiti hainuki tena. Na alijua jibu litakuwa bado. Hapo Muta akiondoka, kibanja ni cha Zakaria. Akibaki, basi yuko chini ya macho yake. Akamvika kanzu yako, na koti lako jeusi la Jumapili. Akampa fimbo mkono huu na mundu wa migomba mkono huu. Kisha, bila kungoja mtu, akainama akamwamkia kwa jina lako, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Kaka, shikamoo. Kaka Kabyemera, umerudi nyumbani."

Wewe unajua kuliko mimi kwamba kwetu musika hachukui mali peke yake. Anachukua nafasi. Aliyekuwa mdogo wako anakuwa mdogo wake. Aliyekuwa mwanao anakuwa mwanawe. Wazee wakaja mmoja mmoja. Dada Koku akaja mwisho. Alipiga magoti mbele ya mtoto aliyembeba mgongoni, akasema, "Baba, shikamoo." Muta akataka kuinuka amnyanyue, mzee mmoja akambonyeza bega akae.

Hapo Zakaria akasimama, akajifuta midomo. "Sasa tuulizane kama marehemu alivyoagiza. Ile mashine, inawaka bila kuzimika?"

"Bado."

Watu wakacheka. Mmoja akasema, "Hata chai haijapasha?" Mwingine, "Basi mwanetu, karibu kwenye ndizi." Zakaria akafungua mikono yake kama mtu aliyeshinda kesi. Nilimtafuta Dada Koku kwa macho, alikuwa ametazama chini, anang'oa nyasi.

Muta alikuwa anamtazama dada yake. Halafu akasema, "Zakaria."

Hakusema baba mdogo. Alimwita kwa jina, kama ulivyokuwa unamwita wewe.

"Zakaria, mdogo wangu. Mimi ni nani hapa?"

Zakaria akatazama kulia, akatazama kushoto. "Wewe... wewe ni kaka yangu. Kabyemera."

"Basi mimi Kabyemera, nilisema maneno nikiwa kitandani. Leo nimekaa kwenye kiti changu na nimepata nafuu. Nayatoa. Mwanangu Mutalemwa aende akafanye kazi yake, iwake isiwake. Kokusima ni binti yangu, hatatoka hapa maisha yake yote. Kibanja atakishika yeye." Akamnyooshea Dada Koku mundu.

Baba mkwe, kelele! Zakaria aliruka. "Haiwezekani! Marehemu habadili wosia!" Mzee yule aliyewahi kupaliwa na kahawa kwa utani wako akamwuliza bila kuinuka, "Kwani ulikuwa unamwamkia marehemu? Sisi tulikuona unamwamkia kaka yako." Uani wote ukalipuka kwa kicheko. Zakaria akasema huu ni uhuni. Wakamwambia uhuni ulikuwa ni haraka yake. Angeuliza kwanza, ndipo ainame. Walibishana mpaka jua likakaribia kuzama, mmoja anataka kesi, mwingine anataka rubisi. Mwisho Zakaria akachukua kibuyu, akanywa sana, akakaa chini. "Kaka alikuwa mjanja hivi hivi hata akiwa hai," akasema, na hapo likaisha. Mchungaji akaomba sala fupi. Dada Koku alikuwa bado ameushika mundu kwa mikono miwili, hajui auweke wapi.

Baadaye nilimwuliza Muta alipanga tangu lini. Akaapa kwamba hakupanga. Alisema dada yake alipopiga magoti akamwita baba, alijisikia aibu, kisha akawaza, kama mimi ni baba, baba mwema angesema nini sasa?

Ungedhani nilifurahi tu. Nilifurahi, nilipiga vigelegele mpaka koo likauma. Lakini wanawake wa ukoo wako wakanivuta. "Njoo wewe Ma Kabyemera! Njoo umwamkie mumeo!" Nikapelekwa mbele ya kiti. Na pale, ndani ya koti lako, chini ya paji lako la uso, nilikuona wewe. Alikuwa amechoka, kidevu kimenyanyuka kama kile kidevu kilichongoja wembe wangu. Magoti yangu yakakataa. Wanawake wakacheka wakidhani ni aibu ya bibi harusi. Wakanisukuma, nikapiga magoti, nikasema shikamoo, na ikawa ni wewe uliyeamkiwa tena, hata kaburini ukaipata.

Ona ulichonifanyia. Sasa Muleba nzima mimi ni mke wa Mwalimu Kabyemera. Mwanaume wangu ana jina lako juu ya lake. Na tangu siku ile anakohoa kama wewe kabla ya kuzungumza na watu wazima. Nimemkataza. Anasahau.

Muta amekwishaondoka. Nilimsindikiza uwanja wa ndege pale Bukoba, akawa anageuka kila hatua mpaka mlinzi akamwambia kaka, ndege ni hiyo hapo, mke utamwona tu. Karatasi zangu zimetoka, namfuata. Saluni nimemwachia mwenzangu. Kila jioni ananipigia. Wameanza kuchora sahani mpya, mishipa ya maji imepindwa kwa namna nyingine, na kiungo kimoja kilichokuwa kinapasuka kimevumilia zaidi ya zamani. Haijawaka bila kuzimika. Haitawaka mwaka huu, wala labda ujao, wala sijui lini, na hata wao hawajui, na wanaamka asubuhi wanakwenda. Aliponiambia hayo alikuwa na mkate mdomoni, anatafuna, anacheka, na nilitamani kuingia ndani ya simu nimbusu.

Dada Koku ameshika kibanja vizuri. Amekata migomba iliyozeeka uliyokuwa unaionea huruma, kahawa ameianika kwenye chanja, na Zakaria anakuja kunywa chai kwake kama hakuna kilichotokea. Kaburi lako analipalilia yeye. Aliniomba nije nipalilie kabla sijaondoka. Sikwenda. Nimeandika hii badala yake, na ataisoma hapo kwako kwa sauti, kwa sababu mimi sitaki sauti yangu ikufikie.

Alidhani nikiandika kinyongo kitatoka. Kimetoka kidogo, cha kutosha kupanda nacho ndege. Kilichobaki ni changu, nitakifunga na nguo.

Kwaheri, Baba mkwe. Lala na mkeo, na umsikilize yeye safari hii. Nakuahidi jambo moja. Muta akizeeka na mashine yake bado inazimika, akirudi nyumbani mvi zimemjaa na michoro mkononi, hajalileta jua lolote, nitamfungulia mlango kwa furaha ile ile ya leo. Wewe hukuweza, na ulikuwa baba yake. Mimi nitaweza.

Ni mimi, msusi,
Kemilembe